Dawa ya Maji ya Kikohozi kwa Watoto: Hesabu Pumzi Kabla ya Kufungua Chupa



Kila mvua inapoanza, hapa mjini kama huko makambini, watoto wanaanza kukohoa. Katika vyumba vyetu vya Katwe, Nsambya, Makindye na Kisenyi unasikia mtoto wa jirani akikohoa usiku kucha kupitia ukutani. Asubuhi wamama wananisimamisha njiani na swali ni lile lile: "Dada, tumpe mtoto dawa gani ya kutoa makohozi?" Na ndugu walio Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja wanapiga simu kwa watu wao wa Kampala: nitumieni chupa ya kikohozi kwa basi, huku mtoto hapumui vizuri. Nimeulizwa mara nyingi mno, ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nijibu wote pamoja.

Jibu fupi ni hili. Hakuna dawa ya maji inayokwenda kifuani kwa mtoto mdogo na kuyatoa makohozi kama tunavyofikiri. Mtoto mwenye mafua ya kawaida atapona bila hiyo chupa. Mtoto mwenye nimonia hatapona kwa hiyo chupa, anahitaji antibiotiki na pengine oksijeni. Tena kwa mtoto wa chini ya miaka 2, baadhi ya dawa hizo zinaweza kumdhuru. Lakini mimi pia naishi nanyi na najua chupa ziko nyumbani tayari, kwa hiyo nitaeleza pia namna ya kutoa dawa kwa usalama kama mtoto ameandikiwa.

Mtoto aliyelala vizuri mno

Kwanza nieleze kosa langu. Mwaka 2023 nilikuwa bado mgeni katika kazi hii ya kujitolea. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi 9, akikohoa siku ya tatu, kifua kinakoroma. Alinunua dawa ya maji kwenye duka dogo la dawa kwa shilingi elfu tano, pesa ambayo alikuwa ameiweka kwa chakula. Nilipopita mchana akanionyesha mtoto amelala. Akaniambia, "Binti yangu, leo nashukuru. Usiku mzima hakulala, lakini tangu nimempa dawa amelala tu, hata kikohozi kimepungua." Nikafurahi pamoja naye. Nikasema vizuri, aendelee. Nikaenda zangu.

Jioni nilirudi kwa sababu nyingine kabisa, kurudisha beseni lake. Mtoto alikuwa bado amelala, na mama akasema hajanyonya tangu saa sita. Hapo ndipo nilipofanya kitu nilichopaswa kukifanya mchana. Nikafunua shati la mtoto, nikatoa simu, nikahesabu pumzi kwa dakika moja. Nikapata 64. Nikahesabu tena, 66. Chini ya mbavu kifua kilikuwa kinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Tulipanda bodaboda watatu, mama, mtoto na mimi, na usiku ule aliwekewa oksijeni. Alikaa hospitalini siku 5. Leo anakimbia na kunirushia mawe akiniona, kwa hiyo alipona.

Ile dawa ilikuwa na kitu cha kuleta usingizi ndani yake. Haikumponya. Ilimnyamazisha tu, nasi tulifikiri ukimya ni nafuu. Nimonia ilikuwa inaendelea pale pale chini ya usingizi.

Makohozi ni kitu gani?

Makohozi si uchafu uliomwingia mtoto. Mwili wenyewe unayatengeneza ili yashike vumbi na vijidudu kwenye njia ya hewa. Mtoto akipata mafua, mwili unatengeneza mengi zaidi, na kikohozi ndicho kinachoyasukuma nje. Mtu mzima anakohoa na kutema. Mtoto mdogo hajui kutema, anameza. Ndiyo maana unaweza kuyaona kwenye matapishi au kwenye kinyesi, na wamama wengi wanaogopa sana wakiona hivyo. Msiogope. Kumeza makohozi hakumdhuru mtoto.

Ile sauti ya "kro kro" ambayo unaisikia ukimshika mgongoni, mara nyingi haitoki kwenye mapafu. Ni kamasi zilizo puani na nyuma ya koo. Mtoto wa miezi michache anapumua zaidi kwa pua, na pua yake ni nyembamba, kwa hiyo kamasi kidogo tu zinatosha kufanya sauti kubwa na kumsumbua wakati wa kunyonya. Rangi pia inawadanganya watu. Kamasi za njano au kijani peke yake si alama kwamba mtoto anahitaji antibiotiki.

Kikohozi cha mafua kwa kawaida kinachukua wiki moja hadi mbili, mara nyingine hata zaidi kidogo, hata kama mtoto anacheza na kula. Kwa hiyo ukimpa chupa siku ya tano na akapona siku ya kumi, utasema ni chupa. Jirani aliyempa chai ya tangawizi atasema ni tangawizi. Wote wawili watoto wao walikuwa wanapona wenyewe. Lakini kikohozi kikifika siku 14, usisubiri tena, mpeleke mtoto akachunguzwe kifua kikuu, pumu au kifaduro, hasa kama kuna mtu mzima chumbani anayekohoa kwa muda mrefu.

Kuhesabu pumzi

Hii ndiyo sehemu ambayo naomba muisome hata kama mtaacha nyingine. Kila mzazi mwenye simu yenye saa anaweza kufanya hivi.

Mtoto awe ametulia. Asiwe analia, ananyonya au ametoka kukimbia. Akiwa amelala ni sawa. Funua tumbo na kifua uone ngozi. Angalia pale tumbo linapokutana na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima, si nusu dakika halafu uzidishe, kwa maana watoto hawapumui kwa mpango mmoja. Ukipata namba kubwa, pumzika kidogo uhesabu tena.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Mtoto anayekohoa na kufika namba hiyo huenda ana nimonia, na lazima aonwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya miezi 2 usimwangalie nyumbani hata kidogo. Kikohozi chenye shida ya kupumua, homa au kukataa kunyonya ni safari ya hospitali wakati huo huo.

Kuna alama nyingine ambazo hazihitaji hesabu. Kifua kubonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa. Sauti kali ya kukwaruza anapovuta hewa akiwa ametulia. Kushindwa kunyonya au kunywa. Kutapika kila kitu. Degedege. Kulegea au kuwa mgumu kuamka. Midomo kuwa ya rangi ya bluu au kijivu. Ukiona mojawapo hata usiku wa manane, usitafute duka la dawa. Nenda hospitali.

Na kama kuna joto mwilini, mtoto apimwe malaria pia. Malaria na nimonia zinafanana, na mtoto anaweza kuwa na zote mbili.

Katika vijiji na makambi mengi ya Uganda, wahudumu wa afya wa kijiji waliofundishwa kutibu watoto wana kisaa cha kuhesabia pumzi na vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji. Wewe uliye kambini, muulize mhudumu wa eneo lako kama anavyo. Hiyo ndiyo dawa ya nimonia ya kawaida, wala haina shira wala rangi nzuri. Mtoto akiandikiwa, amalize siku zote hata kama amepata nafuu siku ya pili.

Ndani ya chupa mna nini?

Nimekaa na mhudumu mmoja wa famasi akanisomea karatasi za chupa nyingi, na nilishangaa. Tunaziita zote "dawa ya kikohozi" kumbe zina vitu tofauti kabisa.

Kuna zile zinazosemwa kulegeza makohozi, zenye ambroksoli, bromeksini, gwaifenesini au karbosisteini. Fikirieni: mtu mzima yakilegea anatema. Mtoto wa miezi 8 yakilegea na kuongezeka, anayatoa wapi? Ufaransa mwaka 2010 ilikataza dawa za namna ya karbosisteini kwa watoto wa chini ya miaka 2, baada ya kupata taarifa za watoto wachanga ambao kupumua kwao kulizidi kuwa kubaya. Nalisema hili kwa sababu sisi tuliotoka Kongo tumezoea sana maboksi yenye maandishi ya Kifaransa, na kuna wazazi wanaoyaamini kuliko daktari wa hapa.

Kuna zenye dawa za mzio kama klorofeniramini, difenihidramini na prometazini. Hizo ndizo zinazolaza mtoto. Prometazini haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka 2 kwa kuwa inaweza kudhoofisha kupumua hadi kuua.

Kuna zinazozuia kikohozi, hasa zenye kodeini. Miili ya watoto wengine hugeuza kodeini kuwa mofini kwa haraka sana, na pumzi inapungua. Ulaya mwaka 2015 na Marekani mwaka 2017 zilikataza kodeini ya kikohozi kwa watoto wa chini ya miaka 12. Hata bila hatari hiyo, kama kikohozi ndicho kinachosukuma makohozi nje, kwa nini tukizuie?

Nyingine zina salbutamoli ndani. Hiyo ni dawa nzuri kwa mtoto mwenye pumu au anayepumua kwa mluzi kifuani, akiandikiwa na mganga. Kwa kikohozi cha mafua haisaidii, inafanya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka.

Na nyingine zina parasetamoli, yaani panado, imefichwa pamoja na hivyo vyote. Mzazi anatoa chupa ya kikohozi, halafu mtoto akipata joto anatoa tena panado ya maji. Mtoto amepata parasetamoli mara mbili na mama hajui. Ikizidi, parasetamoli inaharibu ini.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2001 kijitabu juu ya dawa za kikohozi na mafua kwa watoto wadogo. Lilipopima ushahidi, halikuona faida ya kutosha katika hizo dawa za dukani, likashauri vitu rahisi vya nyumbani vya kutuliza koo. Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na bado chupa zinajaa rafu.

Chupa zenye sumu

Wengine wenu mlisikia habari za Gambia kwenye redio. Tarehe 5 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa 4 za maji za kikohozi na mafua zilizotengenezwa India na kampuni ya Maiden Pharmaceuticals. Katika nchi ya Gambia karibu watoto 70 walikufa, wengi wao chini ya miaka 5, figo zao zikiwa zimeacha kufanya kazi. Mwaka huo huo Indonesia ilipoteza watoto zaidi ya 200 kwa dawa nyingine za maji, na Uzbekistan ikapoteza makumi. Mwezi Oktoba 2025 ikawa India kwenyewe, watoto zaidi ya 20 katika jimbo la Madhya Pradesh.

Sumu yenyewe inaitwa diethilini glaikoli, na nduguye ethilini glaikoli. Ni vimiminika vya viwandani, vinatumika kwa mfano katika maji ya breki ya magari. Dawa ya maji inahitaji kimiminika kitamu na kizito cha kuyeyushia dawa, kama gliserini. Gliserini ya dawa ina bei. Ikitokea kiwanda kimepata mali iliyochafuliwa au ya bei nafuu na hakikuipima, sumu inaingia kwenye chupa. Ni tamu, haina harufu mbaya, huwezi kuijua kwa kuonja.

Mashariki mwa Afrika nako tulipata hofu. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilisema imekuta diethilini glaikoli katika toleo moja la Benylin ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini, namba 329304. Kenya, Rwanda na Tanzania zilikuwa kati ya nchi zilizoagiza toleo hilo liondolewe madukani. Kampuni yenyewe ilisema vipimo vyake havikukuta sumu. Mimi sina maabara ya kuamua nani yuko sahihi. Ninachojifunza hapo ni namba: bila ile namba kwenye chupa, hakuna mzazi ambaye angeweza kujua kama chupa yake ni mojawapo. Kwa hiyo usibandue karatasi ya chupa, na usitupe boksi mpaka dawa iishe.

Mtoto aliyekunywa dawa ya maji halafu akaanza kutapika, kuumwa tumbo, kuharisha, na hasa mkojo ukapungua au ukakoma, apelekwe hospitali haraka, na chupa ipelekwe pamoja naye. Mama hesabu nepi. Mtoto ambaye hajakojoa tangu asubuhi mpaka jioni si mtoto wa kusubiri.

Chupa za basi

Hapa nitasema jambo litakalowaudhi ndugu wa Kampala. Ile desturi ya kumwaga dawa kwenye chupa ndogo ya maji au ya soda ili igawanywe, nusu ibaki mjini na nusu iende kambini, tuiache. Nimeiona mwenyewe. Chupa inafika haina jina, haina tarehe ya kuisha, haina kipimo, na maelezo yanakuja kwa simu: "Mpe kijiko." Kijiko gani? Mtoto wa umri gani? Huko kambini nako kuna watoto watatu wa rika tofauti, wote wanapewa sawa, na kuna mmoja ataiona ile chupa chini ya kitanda na kuinywa kama soda.

Kama unataka kumsaidia ndugu aliye kambini ambaye mtoto wake anakohoa, mtumie pesa ya usafiri kwenda kituo cha afya. Na kwenye simu mwambie ahesabu pumzi huku wewe unangoja. Dakika moja ya maongezi inatosha.

Kama mtoto ameandikiwa dawa

Nunua kwenye famasi au duka lenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda. Leseni hubandikwa ukutani, na si aibu kuiangalia. Wengi wetu hatujui Kiganda vizuri, tunafika tunasema "omwana alina ekifuba" na mwenye duka anatoa chupa, basi. Neno hilo linamwambia mtoto anakohoa tu. Halimwambii umri, uzito, wala kwamba anapumua haraka. Sema umri wa mtoto kwanza, uzito kama unaujua kutoka kwenye kadi yake, na dawa nyingine anazotumia. Kisha uliza: hii ina nini ndani, na ni kwa umri gani? Akishindwa kujibu, rudisha chupa.

Angalia kizibo kama hakijafunguliwa, na tarehe ya kuisha.

Kipimo ndicho kinachotuangusha zaidi. Kijiko kidogo cha dawa ni mililita 5. Kijiko kikubwa ni mililita 15, mara tatu yake. Kwa Kiingereza viwili hivyo huandikwa kwa vifupi vinavyofanana sana, na ukikosea mtoto anapata dawa ya watoto watatu. Vijiko vya jikoni navyo havilingani, cha kwako na cha jirani vina ukubwa tofauti. Tumia kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mistari ya mililita. Kwa mtoto mchanga bomba ni bora kuliko vyote.

Kuwa mwangalifu pia na panado ya maji. Ile ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5. Ile ya matone ya watoto wachanga inaweza kuwa na miligramu 100 katika mililita 1 tu, yaani kali mara nne. Ukizoea chupa moja na ukaletewa nyingine, usitumie kipimo cha zamani.

Ukiona kwenye bahasha wameandika 5 x 3, maana yake ni mililita 5 mara tatu kwa siku, kila baada ya saa 8. Si vijiko vitano, na si mara tatu asubuhi kwa sababu unaenda kazini.

Mkalishe mtoto wima. Weka bomba ndani ya shavu, si katikati ya koo, sukuma kidogo kidogo akimeza. Kubana pua ili ameze, kama tulivyofanyiwa sisi na bibi zetu, kunaweza kupeleka dawa kwenye mapafu. Akitapika, usimpe tena bila kuuliza. Usichanganye kwenye chupa nzima ya maziwa, kwani asipoimaliza hujui amepata kiasi gani.

Antibiotiki ya unga inayochanganywa na maji si dawa ya makohozi, ingawa chupa zinafanana. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka kwenye mstari. Ikishachanganywa, bila friji nyingi hudumu siku 7 hivi. Soma karatasi yake. Mabaki ya mwezi uliopita usimpe mtoto mwingine.

Vitu vya nyumbani

Nyonyesha mara nyingi zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 maziwa ya mama ndiyo dawa pekee ya kutuliza koo anayohitaji. Usimwongezee chai wala maji.

Pua ikiziba, chemsha maji, yapoe, weka nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe kimoja. Tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya, ngoja kidogo, futa kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Tengeneza mapya kila siku. Mama wengi wameniambia mtoto alinyonya vizuri baada ya hapo, na ni chumvi tu.

Aliyetimiza mwaka anaweza kupewa nusu kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala, au maji ya uvuguvugu yenye ndimu na asali kidogo. Chini ya mwaka 1 asali ni marufuku, hata kidogo, hata ya kulamba, kwa maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ya kupumua. Dawa za kupaka kifuani zenye mentholi na kafuri zisipakwe mtoto wa chini ya miaka 2, na zisiwekwe puani kwa mtoto yeyote.

Moshi pia. Ukipikia sigiri ndani kwa sababu ya mvua, mtoto asiwe mgongoni. Najua chumba ni kimoja. Washa makaa nje kwanza, yaingie yakiwa yameshika, mlango ukiwa wazi.

Na kilimi kisikatwe. Bado kuna watu wanaotembea nyumba kwa nyumba wakisema kikohozi kinatoka kwenye kilimi kirefu. Hakitoki huko. Mtoto aliyekatwa anaweza kuvuja damu, na wembe unapeleka magonjwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine.

Chanjo tumezipewa bure. Uganda ilianza chanjo ya nimokoko, inayozuia sehemu kubwa ya nimonia kali, mwaka 2013. Inatolewa wiki ya 6, 10 na 14. Kama mlikuwa njiani mkikimbia na mtoto akakosa, pelekeni kadi, hata kama hakuna kadi pelekeni mtoto.

Mahali pa kwenda

Mkimbizi anatibiwa katika vituo vya serikali ya Uganda sawa na raia. Hapa Kampala kuna vituo vya afya vya Kisenyi, Kiswa, Kitebi, Kawaala na Komamboga, na hospitali za Kiruddu, Naguru, Kawempe na Mulago. Foleni ni ndefu, na mara nyingine dawa zimekwisha unaandikiwa ukanunue. Nalijua hilo. Lakini mtoto anayepumua haraka hapaswi kukaa mwisho wa foleni. Mwendee muuguzi moja kwa moja, funua kifua cha mtoto aone, na umwambie namba uliyohesabu na saa uliyohesabu. Kama lugha inakushinda, iandike kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani: umri, pumzi ngapi, saa ngapi, na dawa aliyopewa. Beba chupa yenyewe, kadi ya chanjo na shuka moja, kwa sababu usiku wodini kuna baridi.